Nyambizi ya makumbusho iliyoelea tena ikiwa nchi kavu: USS Batfish na mafuriko ya mto Arkansas

Fundi Meli (mleta uzi):

Wakuu, habari za jioni.

Nimefuatilia habari hii muda mrefu na sijaona mtu akiishusha humu jukwaani, basi leo naileta yote. Ni habari ya USS Batfish, nyambizi ya Marekani iliyopigana Vita ya Pili ya Dunia, ambayo tangu 1973 ni makumbusho katika mji wa Muskogee, jimbo la Oklahoma. Imelazwa nchi kavu, ndani ya shimo lililochimbwa kwa ajili yake, mto Arkansas ukiwa jirani. Mei 2019 mto huo ulifurika, maji yakajaa shimoni, na nyambizi iliyolala hapo zaidi ya miaka arobaini ikanyanyuka na kuelea.

Watu wengi walipoona picha zake mtandaoni walishangilia. Waliokuwa pale wakiihudumia hawakuwa na nafasi ya kushangilia, maana walikuwa wakihangaika usiku na mchana isiwatoke. Hicho ndicho kilichonifanya niandike. Ukisikia makumbusho ya meli yamepigwa na mafuriko unawaza kuzama. Kwa Batfish, kuelea ndiko kulikokuwa hatari.

Nitaanza na vita, halafu safari yake ya kufika Oklahoma, ndipo tuingie kwenye mafuriko. Mwenye swali aulize tu njiani.

Msomaji Mtulivu:

Nimeweka kambi mkuu. Ila Oklahoma si iko katikati ya nchi kabisa? Nyambizi ilipita wapi?

Fundi Meli (mleta uzi):

Swali zuri, nalifikia. Kwanza vita.

Batfish ilijengwa Portsmouth Naval Shipyard, kule Kittery, jimbo la Maine, ikashushwa majini tarehe 5 Mei 1943. Mkariri huo mwezi na mwaka, nitaurudia. Ni nyambizi ya daraja la Balao: urefu mita 95, upana mita 8 na kitu, mabaharia karibu 80 ndani yake, injini nne za dizeli za kutembelea juu ya maji na betri kubwa za kutembelea chini. Mirija ya torpedo (makombora ya chini ya maji) ilikuwa 10, sita omo, yaani mbele, na minne tezi, yaani nyuma.

Jina lake lilivuma Februari 1945. Wakati huo Wamarekani walikuwa wamerudi Ufilipino, na marubani wa Kijapani walikuwa wamekwama kaskazini ya kisiwa cha Luzon. Japani ikatuma nyambizi kwenda kuwachukua na kuwavusha hadi Formosa, yaani Taiwan ya leo. Batfish, ikiongozwa na nahodha John K. Fyfe, ilikuwa ikivizia kwenye njia hiyohiyo.

Kilichowaponza Wajapani ni rada yao wenyewe. Batfish ilikuwa na mtambo wa kunasa mawimbi ya rada ya mwenzako. Nyambizi ya Kijapani ikiibuka usiku ili ichaji betri na kuwasha rada ili itazame kama kuna adui, papo hapo inamjulisha adui kwamba ipo. Batfish ilikuwa inakaa gizani, inasikiliza mawimbi yanakotoka, inasogea, inapiga. Katika muda wa saa 76 ilizamisha nyambizi tatu. Baada ya vita watafiti waliendelea kubishana juu ya utambulisho wa ile ya kwanza, lakini RO-112 na RO-113 zimo kwenye kumbukumbu bila utata mkubwa. Meli ikapewa tuzo ya rais, na Fyfe akapewa nishani ya Navy Cross.

Ndani ya zile nyambizi tatu walikuwamo vijana kama wale wa Batfish, wenye mama zao nyumbani. Makumbusho ya vita yasipokumbuka upande huo yanabaki kuwa ghala la silaha.

Mvita:

Shukrani ndugu yangu, twasoma hapa Mombasa. Wa kale walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sasa hii imerejea ngama ya wapi, Oklahoma? Tupeleke.

Fundi Meli (mleta uzi):

Twende basi.

Baada ya vita ilipumzishwa 1946, ikarudishwa kazini miaka ya 50 kufundishia mabaharia, na 1969 ikafutwa kwenye orodha ya meli za jeshi. Wakati huohuo maveterani wa nyambizi wa Oklahoma walikuwa wanatafuta nyambizi ya kuifanya kumbukumbu ya wenzao waliopotea. Jimbo lao halina bahari, lakini lilikuwa linapata bandari.

Kulikuwa na mradi mkubwa wa serikali wa kuufanya mto Arkansas upitike na meli za mizigo, unaoitwa McClellan-Kerr. Ulizinduliwa 1971. Unatoka mto Mississippi hadi bandari ya Catoosa karibu na Tulsa, kilomita zipatazo 716, na njiani kuna vyumba 18 vya maji vya kupandishia meli. Tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo) linaingia chumbani, mlango unafungwa, maji yanajazwa, tishari linapanda, mlango wa mbele unafunguliwa, safari inaendelea. Kwa mtindo huo meli hupanda zaidi ya mita 120 bila kutoka majini.

Shida ilikuwa kina. Njia ile hutunzwa kuwa na kina cha futi 9, karibu mita 2.7. Batfish ikielea kwa kawaida yake inahitaji mita tano hivi. Wakaifunga katikati ya matishari, wakainyanyua juu kiasi ili tumbo lake lisikwangue chini ya mto, wakaikokota hivyo kutoka Louisiana mpaka Muskogee. Ilifika Mei 1972. Likachimbwa eneo la kuilaza pembeni ya mto, ikaingizwa humo, njia ya maji ikazibwa, ikabaki nchi kavu. Mwaka uliofuata wageni wakaanza kuingia.

Angalieni hapo. Ililetwa kwa maji, kwa hiyo ililazwa pale tu ambapo maji yangeweza kuifikisha. Chuma cha tani 1,500 hukipakii kwenye lori ukakipeleka mlimani. Njia iliyoileta ndiyo iliyokuja kuifuata 2019.

Binti Kigoma:

Nondo nzito. Kaka, hapo kwenye kuelea naomba ufafanue. Chuma cha miaka yote hiyo, hakikuwa na injini inayofanya kazi, hakikuwa na wafanyakazi ndani. Kiliinukaje chenyewe?

Fundi Meli (mleta uzi):

Dada, kuelea hakuhitaji injini. Kitu kikisukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, kinaelea. Batfish ikiwa juu ya maji uzito wake ni tani 1,500 na ushei. Huo ni uzito wa vitani, ikiwa na mafuta, torpedo, chakula na watu. Makumbusho hayana mafuta wala torpedo zenye baruti, kwa hiyo ni nyepesi zaidi, na kadiri chombo kilivyo chepesi ndivyo maji machache yanavyotosha kukiinua. Maji yakizunguka tumbo lake kwa kina cha mita nne na kitu, hesabu inakaribia kutimia.

La pili ni umbo lake. Nyambizi za aina ile zina bodi mbili. Bodi ya ndani ni nene, ndimo wanamokaa watu. Kuizunguka kuna matangi ya kuzamia. Matangi hayo yana matundu chini na valvu juu. Nahodha akitaka kuzama hufungua valvu za juu, hewa inatoka, maji yanaingia kwa chini. Valvu zikiwa zimefungwa, maji yakija kutoka chini hayana pa kwenda, maana hewa imenaswa juu yake. Chukua kikombe, kipindue, ukikandamize kwenye ndoo ya maji, utaona mkono wako unavyosukumwa juu. Sasa weka vikombe hivyo mstari mzima pande zote mbili za chombo cha mita 95.

Kwa ufupi, waliojenga Batfish waliijenga irudi juu. Imelala shimoni miaka yote hiyo lakini umbo lake halijabadilika.

Msomaji Mtulivu:

Aisee hiyo ya kikombe nimeelewa moja kwa moja. Endelea na mafuriko mkuu.

Fundi Meli (mleta uzi):

Mafuriko sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Muskogee iko mahali pagumu. Karibu na mji huo mito mitatu inakutana: Arkansas, Verdigris na Grand. Wenyeji wanapaita Three Forks. Zamani palikuwa mahali pazuri pa biashara kwa sababu mitumbwi ilitoka pande zote tatu. Mvua ikinyesha sana, faida hiyo inageuka kuwa balaa, kwa kuwa maji nayo yanatoka pande zote tatu.

Mei 2019 mvua zilinyesha mfululizo Oklahoma na kusini ya Kansas. Mabwawa ya juu yakajaa. Kubwa lenye kuangaliwa na kila mtu lilikuwa bwawa la Keystone, juu ya Tulsa. Wahandisi wa jeshi la Marekani ndio wanaolisimamia, na walikuwa na uchaguzi mchungu: kuyaachia maji kidogokidogo na kuona ziwa likipita ukingo, au kuyaachia mengi na kuwajaza walio chini. Wakayaachia kwa kupanda hatua kwa hatua, mpaka yakafika futi za ujazo 275,000 kwa sekunde. Ni kama mita za ujazo 7,800 kila sekunde. Hesabu tangi la lita elfu moja la nyumbani kwako, sasa zidisha mara 7,800, kila sekunde, mchana na usiku, siku kadhaa.

Muskogee mto ukifika futi 28 kwenye kipimo tayari unahesabiwa umefurika. Tarehe 26 Mei ulifika futi 46 na ushei, yaani zaidi ya mita 14. Mara moja tu ndiyo uliwahi kupanda zaidi ya hapo, na mafuriko hayo yalikuwa ya Mei 1943. Kumbuka niliwaambia mkariri. Wiki zilezile Batfish inashushwa majini kule Maine, mto huu ulikuwa unaizamisha Muskogee. Hakuna aliyejua kwamba hivi viwili vitakutana.

Maji yalipoanza kupanda kuelekea shimoni, watu wa pale hawakungoja. Waliifunga kwa waya za chuma, na wakatumia pampu kuingiza maji kwenye matangi yake makusudi. Ndiyo, waliijaza maji wenyewe, ili iwe nzito ikae chini. Ni kazi ileile aliyoifanya baharia wa 1945 alipotaka kuzama, ila sasa inafanywa na watu wa makumbusho kwa pampu, mto ukipanda nyuma yao. Pamoja na hayo yote ilinyanyuka, ikaelea imeshikwa na waya.

Mwana wa Kibiti:

Pole yao. Lakini mkuu, ikielea si inaelea tu halafu maji yakipungua inashuka? Hatari iko wapi?

Fundi Meli (mleta uzi):

Mkuu, hatari zipo tatu, na kila moja ingetosha kuimaliza.

Ya kwanza, kukatika. Wiki ileile, tarehe 23 Mei, matishari mawili yaliyopakia mbolea ya fosfeti yaliyokuwa yamefungwa Muskogee yalikata kamba, yakasombwa, yakaenda kugonga bwawa la Webbers Falls lililo chini ya mto, yakazama hapohapo. Watu wa mji mdogo wa Webbers Falls waliambiwa wahame mara moja. Dunia nzima iliona video. Sasa fikiria uko pembeni ya Batfish umeshika tochi, unasikia matishari ya jirani yako yamekwenda, na wewe umefunga kwa waya chombo kirefu kuliko lolote kati ya hayo. Ikikatika inaelekea kulekule.

Ya pili, kupinduka. Nyambizi haina mkuku (uti wa chini wa chombo) mpana wa kuikalisha. Tumbo lake ni la duara. Uzito ukihama upande mmoja, tuseme tangi la kushoto limejaa na la kulia bado, inalala ubavu. Ndiyo maana kuingiza maji ni kazi ya akili, huwezi kutia tu bomba na kuondoka.

Ya tatu ndiyo niliyoilenga tangu mwanzo, namna ya kutua. Ile sehemu iliyolala miaka arobaini ilikuwa imetengenezwa kwa kipimo chake. Ikielea ikasogea hata kidogo, maji yakishuka inakalia ardhi isiyoandaliwa: hapa tope, pale kifusi, katikati patupu. Bodi ya mita 95 ikibebwa kwenye ncha mbili tu, mgongo unapinda. Ikikaa kwenye mteremko, inalala upande na hakuna winchi ya kuirudisha. Kwa hiyo wakati maji yanashuka ndipo kazi ilipokuwa ngumu zaidi, kulegeza waya huu, kukaza ule, kuipima inavyoshuka. Ilitua salama, ingawa haikukaa sawasawa kama mwanzo, na makumbusho yakafungwa kwa muda ili njia za wageni na vitu vingine vitengenezwe. Baadaye yalifunguliwa tena.

Mbeba Mizigo wa Tulsa:

Salaam ndugu zangu. Mimi ni Mkongo wa Uvira, naishi Tulsa na familia. Nilikuwa hapa 2019. Mto ulikuwa wa rangi ya udongo, miti mizima inapita. Watu walisimama wanaangalia Keystone kwenye simu kama watu wanaoangalia mpira.

Ndani ya Batfish nimeingia, pamoja na watoto. Fundi ameeleza vizuri, niongeze niliyoyaona. Unashuka kwa ngazi, halafu kila chumba kinaachana na kingine kwa mlango wa chuma wa mviringo, unainua mguu, unainamisha kichwa, unapita. Mtu mrefu kama mimi anagonga. Chumba cha omo cha torpedo kina vitanda vilivyoning'inizwa juu ya mahali pa torpedo zenyewe. Nikamwonyesha mwanangu, watu walikuwa wanalala hapa, kilo mia kadhaa za baruti chini ya mgongo. Akanyamaza. Harufu ya dizeli ipo mpaka leo, imeingia kwenye rangi.

Kitu kilichonishika ni ubao wa taa kwenye chumba cha kuongozea. Taa nyekundu na kijani. Kila tundu la chombo, mlango, valvu ya injini, lina taa yake. Nyekundu maana yake liko wazi, kijani limefungwa. Hawazami mpaka ubao wote ni kijani. Mzee aliyekuwa anatutembeza alituwekea kidole kwenye taa moja moja na kutuambia inaangalia tundu gani.

Fundi Meli (mleta uzi):

Asante sana ndugu wa Tulsa, umenipa cha kuongeza. Ule ubao wa taa ndio somo la mafuriko lenyewe. Vitani baharia alihakikisha kila tundu limefungwa kabla ya maji kuja juu ya kichwa chake. Makumbusho hutoboa matundu mapya: milango ya ngazi ya wageni, njia za nyaya za umeme, mabomba ya kiyoyozi. Matundu hayo hayana taa ubaoni. Mtunzaji wa meli yoyote iliyo karibu na mto anatakiwa ajue kila tundu liko wapi, linafungwaje, na nani atalifunga saa nane usiku mvua ikinyesha. Asipojua, maji yatamwonyesha.

Hoja Nzito:

Nimesoma yote kwa heshima. Lakini niulize kwa uwazi: si wangeiuza tu chuma chakavu? Gharama za kuilinda kila mafuriko, kuipaka rangi, kuirudisha sawa. Mji mdogo, pesa za walipa kodi. Hospitali na shule hazihitaji?

Fundi Meli (mleta uzi):

Mkuu Hoja, swali halali, na kuna miji imejibu kama ulivyosema. USS Clamagore, nyambizi ya makumbusho kule South Carolina, ilikatwakatwa 2022 kwa sababu kutu ilikuwa imeimaliza na fedha za kuitengeneza hazikupatikana. Silaumu, kuna wakati chuma kinashinda nguvu.

Ila kuhusu Batfish nina msimamo. Katika vita ile Marekani ilipoteza nyambizi 52, na mabaharia wapatao 3,500 hawakurudi. Nyambizi ikizama huko chini hakuna kaburi. Hakuna jiwe, hakuna mahali pa mjane kuweka ua. Kwenye bustani ile ya Muskogee kuna vibao vya shaba vya kuzikumbuka hizo 52. Familia inakuja, inatafuta jina la chombo cha babu yao, halafu inaingia Batfish na kuona kitanda cha aina ileile aliyolalia. Hiyo ndiyo sababu maveterani waliikokota kilomita mamia ndani ya mto usio na kina. Bustani hiyohiyo imehifadhi pia sehemu ya mlingoti wa USS Oklahoma, meli iliyopinduka Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 na kuua watu 429. Eneo hilo kwao ni la maziko kabla ya kuwa la utalii.

Kwa hiyo ninachokidai ni kwamba ukishaamua kuiweka, uitunze kama chombo cha majini na siyo kama jengo. Bajeti ya jengo ni rangi na taa. Bajeti ya chombo kilicho kandokando ya mto ni waya, pampu, vipimo vya bodi, na watu waliokwisha fanya mazoezi. Mifano ya waliofanya na wasiofanya ipo.

Pale St. Louis kulikuwa na USS Inaugural, meli ya kutegua mabomu ya majini, makumbusho kwenye mto Mississippi. Mafuriko makubwa ya 1993 yaliikata kamba, ikasombwa, ikapinduka na kuzama chini kidogo ya mji. Mto ukikauka sana mabaki yake huonekana.

Kule Providence, Rhode Island, kulikuwa na Juliett 484, nyambizi ya Kisovieti iliyofanywa makumbusho. Aprili 2007 dhoruba iliipiga ikiwa imefungwa gatini, ikaingiwa na maji, ikazama palepale. Wapiga mbizi wa jeshi waliiinua 2008. Ilikuwa imeharibika mno, ikauzwa chuma chakavu.

Na Baton Rouge, Louisiana, kuna USS Kidd, manowari ya juu ya maji. Hawa walifikiri kabla. Mississippi pale hupanda na kushuka hadi mita 12 kwa mwaka. Wakajenga kitanda maalumu mtoni na nguzo za kuiongoza. Maji yakiwa mengi meli inaelea na kupanda ikiwa imeshikwa na nguzo, yakipungua inashuka na kukaa kitandani mwake vilevile ilivyokuwa. Wageni walikuwa wakiiona majini msimu mmoja, na msimu mwingine wakiuona hadi mkuku. Mto hawakushindana nao, waliupa nafasi kwenye mchoro.

Msomaji Mtulivu:

Kwa nini Muskogee wasiimwagie zege tumboni, imalize kabisa habari ya kuelea?

Fundi Meli (mleta uzi):

Wengi huwaza hivyo. Zege likigusana na chuma linazuia usilione tena lile chuma. Unyevu unaingia katikati, kutu inakula kimyakimya, na huwezi kupima wala kupaka rangi. Chombo cha umri ule kinatakiwa kifikike pande zote. Dawa bora ni kukiwekea kitanda chenye kukishika kisisogee, au kukihamishia mahali ambapo maji yanatazamiwa. Muskogee kumekuwa na mazungumzo ya kuipeleka kwenye bandari ndogo ya Three Forks, palepale mjini.

Binti Kigoma:

Nimevutiwa sana na hao waliojaza maji makusudi. Sisi huku tuna Liemba, meli ya ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ili isiangukie kwa adui, na mafundi wake wakapaka injini grisi nene kabla ya kuizamisha. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikaanza safari upya kwa injini zilezile. Yule fundi aliyepaka grisi aliwaza mtu wa baadaye ambaye hata hamjui.

Fundi Meli (mleta uzi):

Dada, huu mfano ni wa dhahabu. Meli ile ilitoka Ujerumani vipandevipande ndani ya masanduku, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa Kigoma, ikaitwa Graf von Goetzen. Nayo ilifika mahali ambapo meli ya ukubwa wake haikupaswa kufika. Wanaopanga kuihifadhi siku ikistaafu kabisa wazisome habari za Muskogee na Baton Rouge kwa makini, maana ziwa Tanganyika nalo limepanda sana miaka ya karibuni. Anayeishi Kigoma au Bujumbura hahitaji kuhadithiwa. Wakichagua mahali pa kuiweka waangalie alama ya maji ya juu kabisa, siyo ya mwaka huu tu.

Mwana wa Kibiti:

Huku kwetu Rufiji kuna ile manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyomalizikia kwenye delta Julai 1915. Mizinga ilitolewa, mmoja uko Fort Jesus Mombasa. Chombo chenyewe kimemezwa na tope. Mto ukiamua kukihifadhi kitu haumwulizi mtu.

Mvita:

Kweli, mzinga huo upo hapa Fort Jesus, watoto hupanda juu yake kupiga picha.

Ndugu wa Tulsa, nina mpwa wangu anasoma Oklahoma City, ataka kwenda kuiona hiyo Batfish. Mwambie afanyeje?

Mbeba Mizigo wa Tulsa:

Kaka, aje kwanza Tulsa, kutoka hapa hadi Muskogee ni kama kilomita 80 kwa barabara kuu, saa moja hivi kwa gari. Bustani iko karibu na bandari, upande wa mto. Aangalie siku za kufungua kabla hajatoka, maana hubadilika kwa msimu, na mvua kubwa ikinyesha wanaweza kufunga. Kiangazi aende asubuhi, chuma kile kinapata moto sana mchana. Avae viatu vya kufunga, ngazi ni nyembamba. Na aanzie kwenye vibao vya zile 52 kabla ya kupanda nyambizini, akishuka humo atakuwa anajua anaingia kwa nani.